Magamba kwenye enameli: tukague bamba na maji kabla ya kulaumu unga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wa Nyanda za Juu Kusini wanaochoma enameli, pamoja na wale wanaojiandaa kununua tanuri. Kazi ikiharibika, wengi hukimbilia kubadilisha unga. Beseni limetoka tanurini linang'aa, limepangwa kwenye rafu, siku ya tatu limejaa vidonda. Simu inapigwa Dar es Salaam, muuza unga analaumiwa, gunia jipya linaagizwa, na baada ya muda vidonda vinarudi vilevile. Vinarudi kwa sababu havikutoka kwenye gunia.

Unga huo, ambao kwa jina la kazi ni friti, ni kioo kilichoyeyushwa kiwandani kisha kikapoozwa ghafla mpaka kikavunjika chengachenga. Katika kazi yote ya enameli, friti ndiyo isiyobadilika sana. Vinavyobadilika kila siku ni bamba la chuma, maji, tindikali, udongo na hewa ya ndani ya tanuri, na hivyo vyote viko mikononi mwa fundi. Huku kwetu yanaongezeka mambo mawili ambayo maelekezo ya kwenye gunia kwa kawaida hayayagusi: mwinuko na unyevu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, enameli si rangi. Ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma mpaka vikashikana. Tabaka la kwanza huwa la bluu iliyokolea au jeusi kwa sababu lina kobalti na nikeli, ambazo hukifanya kioo king'ang'anie chuma. Huchomwa kwenye nyuzi 800 hadi 850 za Selsiasi kwa dakika 3 hadi 5, kama bamba lina unene wa milimita moja hivi. Juu yake hupita tabaka jeupe lenye titani, linalochomwa kwa moto wa chini kidogo, nyuzi 780 hadi 820. Kila kasoro ina sura yake, mahali pake na saa yake ya kutokea. Fundi mwenye lenzi ya kukuza mara kumi na daftari la kuandika lini, wapi na bamba lipi, atakipata chanzo kabla ya kutumia shilingi moja.

Nianze na magamba, maana hayo ndiyo yanayoangamiza kazi nyingi. Ni vipande vyembamba vya kioo vinavyoruka vyenyewe na kuacha shimo lenye umbo la mwezi mchanga, kama ukucha uliokatwa. Jambo la kuangalia kwanza ni wakati. Magamba hayatokei tanurini. Hutokea kazi ikishapoa: baada ya dakika chache, saa kadhaa, siku, hata wiki. Usiku karakana ikiwa kimya, mtu anaweza kuyasikia yakiruka rafuni. Kasoro iliyoonekana kazi ikiwa bado ya moto si magamba, na isitibiwe kama magamba.

Chanzo chake ni haidrojeni. Mvuke wa maji ukikutana na chuma kilichoiva, chuma hunyakua oksijeni yake na haidrojeni inayobaki huzama ndani ya chuma. Chuma cha moto huimeza nyingi, chuma baridi hakiwezi kuibeba. Kazi ikipoa, gesi hiyo inatafuta njia ya kutoka na kukuta kioo kimeshaganda juu. Hujikusanya pale chuma na kioo vinapokutana, shinikizo hupanda siku baada ya siku, mwishowe kioo hupasuka. Ndiyo maana chombo kilichopakwa pande zote mbili huumia zaidi kuliko kilichopakwa upande mmoja: gesi haina mlango.

Basi swali la kujiuliza ni maji hayo yametoka wapi. Majibu ni mengi kuliko mafundi wengi wanavyodhani.

Kwanza ni kazi iliyoingia tanurini kabla haijakauka. Kukausha juani siku za mawingu ya Tukuyu, mahali panapopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, si kukausha. Inatakiwa chumba chenye joto la nyuzi 80 hadi 120 na hewa inayotembea, na kazi itoke humo ikiingia tanurini moja kwa moja. Ikilala nje usiku, hasa Juni na Julai umande unapokuwa mkali, itakuwa imekunywa maji tena hata kama jana ilikauka vizuri.

Pili ni udongo mweupe tunaochanganya ili unga usizame kwenye uji, yaani friti iliyosagwa na maji ambayo ndiyo tunayopaka. Kaolini, iwe ya Pugu au ya kutoka nje, ina maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, karibu asilimia 14 ya uzito wake. Maji hayo hayatoki kwa jua wala kwa chumba cha kukaushia. Yanatoka joto likishavuka nyuzi 450 hivi, yaani ndani ya tanuri. Kilo 7 za udongo kwenye kilo 100 za friti zimebeba karibu kilo nzima ya maji. Anayeongeza udongo hadi kilo 10 ili uji ushike vizuri kwenye kuta za sufuria anajiongezea magamba kwa mkono wake. Udongo ubaki kilo 5 hadi 7, na uji ukiwa mwepesi urekebishwe kwa boraksi kidogo au potasiamu kaboneti, gramu chache chache, huku ukipima.

Tatu ni moto wenyewe. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Tanuri ambalo miale yake inaingia pale pale kazi ilipo ni birika linalochemka. Kwa enameli ya pande mbili, tanuri la gesi au dizeli linatakiwa liwe na kasha: moto uzunguke nje ya chumba cha kuchomea, moshi utoke kwa bomba lake, na kasha lisiwe na ufa. Ufa wa upana wa kidole kwenye kasha unatosha kuharibu mzigo mzima, na watu huuona kama jambo dogo.

Nne ni tindikali. Kuchovya bamba kwenye tindikali huzalisha haidrojeni na sehemu yake huingia kwenye chuma hapo hapo. Friti nyingi za siku hizi za tabaka la kwanza hazihitaji tindikali kabisa, zinahitaji bamba lisilo na mafuta tu. Kama mtengenezaji amesema hivyo, ndoo ya tindikali iondoke karakanani. Bado inatumika kwa mazoea, na mazoea hayo yanagharimu.

Na mwisho wa yote, bamba. Hapa ndipo penye uzito mkubwa, nami naomba msomaji asiparuke. Chuma cha enameli hutengenezwa kwa makusudi: kaboni kidogo, chini ya asilimia 0.08, na ndani yake vimo vijipango vidogo sana vilivyoachwa na chembe ngumu za chuma na kaboni (kabaidi) wakati bamba lilipopitishwa baridi kwenye rola. Haidrojeni hujificha humo badala ya kukimbilia juu. Bamba la kawaida la kuchomelea mageti linaweza kufanana nalo kwa macho, kwa uzito na kwa mng'aro, lakini halina maficho hayo. Unaweza kukausha vizuri, ukatengeneza kasha, ukapunguza udongo, na magamba yakaja vilevile kwa sababu ya bamba.

Hakuna haja ya kubahatisha. Kila robota la mabamba likifika, kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kutoka bamba la juu na kingine la chini. Vipake pande zote mbili, vichome kama kawaida, kisha uviweke usiku kucha kwenye oveni ya nyuzi 150 hadi 200. Joto hilo huiharakisha haidrojeni, na magamba ambayo yangechukua wiki yatajitokeza asubuhi. Vikitoka safi, tumia robota. Vikitoka na magamba, robota hilo litumike kwa kazi ya upande mmoja au lirudishwe dukani. Vipande viwili vya bamba ni bei ndogo kuliko masufuria mia.

Mabati ya kuezekea yasiguswe kabisa, hata mtu akikuapia kwamba ni imara. Yamepakwa zinki au mchanganyiko wa alumini na zinki. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, na kwenye nyuzi 820 mvuke wake unafumuka chini ya kioo na kuacha malengelenge kila mahali. Juu ya hayo, moshi wake unamletea fundi homa. Mapipa ya mafuta nayo yaachwe: chuma chake hakijulikani na mafuta yaliyoingia kwenye mikunjo hayatoki kwa kuosha.

Niingie kwenye mwinuko. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Njombe na Makete ni zaidi. Bana ya gesi, yaani kichomeo, iliyorekebishwa Dar es Salaam ikifungwa hapa Iyunga, Mbeya, bila kuguswa itapata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho hicho. Moto unakuwa wa njano, unatoa masizi, na kama tanuri halina kasha zuri, hewa ya ndani inakosa oksijeni. Tabaka la kwanza linaihitaji oksijeni hiyo. Chuma lazima kipate kutu nyembamba sana ya moto, kioo kiiyeyushe, na hapo ndipo mshikano unapozaliwa. Bila hiyo kioo kinakaa juu ya chuma kama barafu juu ya sahani. Jeupe nalo hupoteza weupe na kuvuta ujivu.

Dawa yake ni kufungua zaidi mlango wa hewa wa bana, kuongeza kasi ya feni, au kufunga pua ndogo ya gesi, mpaka moto uwe wa bluu na miale isitoke mdomoni mwa tanuri. Anayechoma kwa dizeli au kwa makaa ya mawe ya Kiwira ana jambo jingine la kuchunga: salfa. Moshi wenye salfa ukigusa kazi huacha ukungu mweupe juu ya kioo usiofutika kwa kitambaa. Kwa makaa ya mawe, bila kasha lililofungwa vizuri, enameli isijaribiwe.

Kupima mshikano ni rahisi na hakuhitaji maabara. Chukua kipande kilichochomwa tabaka la kwanza, kiweke juu ya fuawe, dondosha juu yake mpira wa chuma au piga nyundo yenye kichwa cha duara mpaka bamba libonyee. Kioo kitapasuka, hilo halikwepeki. Tazama kilichobaki ndani ya kibonyeo. Ukiona weusi, vijichembe vya kioo vimekwama kwenye chuma na havikwanguliki kwa kisu, mshikano ni mzuri. Ukiona chuma kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, kazi yote ya siku hiyo itabanduka mikononi mwa mnunuzi. Sababu zake, kwa mpangilio wa kuzikagua: moto mdogo au muda mfupi, hewa isiyo na oksijeni, mafuta kwenye bamba, halafu ndipo friti. Kipimajoto nacho kihakikiwe, kwa sababu themokapo (waya zinazopima joto ndani ya tanuri) iliyozeeka hudanganya kwa nyuzi 30 au 40 bila kuonyesha dalili nyingine yoyote.

Kuosha mafuta ni hatua inayodharauliwa. Sabuni ya magadi makali, gramu 30 hadi 60 kwa lita moja ya maji, nyuzi 80 hadi 90, dakika 10 hadi 15. Maelekezo yakisema maji yachemke kwenye nyuzi 100, yajue ya kwetu: Mbeya maji yanachemka karibu na nyuzi 94, na kuongeza kuni hakutayapandisha. Ongeza dakika badala ya kusubiri joto lisilofika. Suuza kwa maji ya moto kisha baridi. Halafu mwagia bamba maji safi uliinue wima. Maji yakitandaa kama shuka moja, limetakata. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba, bado lina mafuta, lirudi kwenye sabuni. Kipimo hiki kinachukua sekunde tano na kinaokoa kazi nyingi kuliko kifaa chochote ninachokijua.

Kwa wanaolazimika kutumia tindikali kwa sababu ya kutu: salfuriki asilimia 6 hadi 8, nyuzi 65 hadi 70, dakika 5 hadi 10, si zaidi. Daima tindikali imiminwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Baada ya hapo suuza, kisha chovya kwenye maji ya moto yenye soda na boraksi kidogo ili kuua tindikali iliyobaki. Bamba lililokaa mno kwenye tindikali huwa na ngozi kavu yenye vinyweleo, na vinyweleo hivyo hushika chumvi ambazo baadaye hutoa malengelenge.

Madoa ya kahawia yenye wekundu kwenye tabaka la kwanza, mengine na kijilengelenge katikati, ni kutu iliyozidi mpaka kioo kikashindwa kuiyeyusha. Mara nyingi husababishwa na tabaka jembamba mno, bamba lililopata kutu kati ya kuoshwa na kupakwa, au tindikali iliyozidi. Asubuhi za baridi za Uyole bamba lililolala kwenye chumba baridi likiingizwa kwenye chumba cha joto hutoa jasho, na kutu huanza kabla fundi hajavaa glavu. Mabamba yalale kwenye chumba kile kile yatakamopakwa uji. Kwenye uji weka nitriti ya sodiamu, gramu 100 hadi 200 kwa kilo 100 za friti, ili bamba lisipate kutu uji ukiwa unakauka. Inafanana na chumvi ya mezani na ni sumu, kwa hiyo iwe na kopo lake lenye maandishi na kufuli, mbali kabisa na mahali wafanyakazi wanapokula.

Uji wenyewe hupimwa kwa vitu vitatu, na anayevipima kila siku hana mengi ya kuhangaika nayo. Uzito: lita moja iwe na kilo 1.65 hadi 1.75. Usagaji: ukichekecha kwa chekeche la namba 200, lenye matundu ya maikroni 75, tabaka la kwanza libakize gramu 4 hadi 8 kwa kila gramu 100 za unga mkavu, na jeupe gramu 1 hadi 3. Kiasi kinachoshika: kile kipande cha sentimita 10 kwa 10 kikishakauka kiwe kimebeba gramu 2.5 hadi 3.5 za tabaka la kwanza kwa kila upande. Hiyo inatoa unene wa sehemu ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo, baada ya kuchomwa. Kinu kwa kawaida hupakiwa friti kilo 100, udongo kilo 6, boraksi nusu kilo na maji kilo 45 hadi 50, lakini mwenye friti ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kinu chake. Maji ya kisima yenye chumvi hubadilisha uji bila taarifa. Yakibadilika maji, pima upya.

Uji uliosagwa mno, au wenye udongo mwingi, ukikauka hupasukapasuka kama jaruba la Usangu baada ya mavuno. Tanurini kingo za nyufa hizo hujikunja na kuacha chuma wazi. Ukiona nyufa kabla ya kuchoma, usichome ukitumaini moto utaziba, hauzibi. Osha, rudisha uji kwenye ndoo, punguza muda wa kinu.

Malengelenge yafuatwe kwa ramani. Chora chombo kwenye karatasi na uweke nukta kila lengelenge lilipotokea kwenye vyombo kumi. Nukta zikijipanga kwenye mstari wa kulehemu, tatizo ni kulehemu: fimbo zenye unyevu, vishimo, au michiriko isiyosagwa. Fimbo zenye haidrojeni ndogo zikaushwe kwenye nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja kabla ya kazi, na mshono usagwe ulainike. Nukta zikirudi sehemu moja ya bamba bila mshono, chuma chenyewe kimeachana ndani kikawa tabaka mbili. Zikitawanyika ovyo, tafuta kwenye kuosha, au kwenye kaboni. Kaboni ya chuma hukutana na oksijeni na kutoa gesi kioo kikiwa kimeyeyuka. Jiwe la kusagia linatoa fununu: chuma cha kaboni kidogo hutoa cheche ndefu zisizochanua sana, na cha kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Zikichanua, bamba hilo si la enameli.

Vidoa vyeusi juu ya jeupe vina vyanzo viwili, na jiwe dogo la kunolea linavitenganisha. Sugua kidoa taratibu. Kikiisha kabla ya kufika tabaka la chini, kilidondoka kutoka juu: gamba la kutu kutoka dari ya tanuri au kwenye kulabu. Wanaoninginiza kazi kwa vipande vya nondo ndio wanaoumia hapa, kwa kuwa nondo humwaga kutu kila inapopashwa moto. Kulabu ziwe za aloi ya nikeli na kromu, zipigwe brashi kila asubuhi. Kidoa kikizidi kukua kadiri unavyosugua kwenda chini, tabaka la kwanza limechemka tena wakati wa kuchoma jeupe. Hilo hutokea likiwa halikuiva vizuri mara ya kwanza. Lichomwe hadi liive, na jeupe lipewe moto wa chini yake kwa nyuzi 20 hadi 30.

Kumeguka kwenye ukingo na kwenye shingo ya mpini ni suala la unene na la kona. Kioo hutanuka kidogo kuliko chuma, kwa hiyo kikipoa hubaki kimebanwa, na kubanwa huko ndiko kunakokipa nguvu. Kwenye kona kali, mbano huo unakisukuma kitoke. Kona ziviringishwe, nusu kipenyo isipungue milimita 3, na matabaka yote kwa pamoja yasizidi maikroni 300. Kila kurudia kuchoma huongeza unene, kwa hiyo chombo kisirudishwe tanurini kutengenezwa zaidi ya mara mbili.

Kabla ya kuuza, vipo vipimo viwili ambavyo mnunuzi naye anaweza kuvifanya nyumbani. Cha kwanza kinatumia mrututu, ambao wakulima wa kahawa wa Mbozi na Rungwe wanaufahamu. Yeyusha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, pakaza ndani ya chombo, subiri dakika chache, suuza. Penye kitundu kilichofika kwenye chuma patatokea nukta nyekundu ya shaba. Chombo kikishapimwa hivyo kioshwe sana, maana mrututu ni sumu, na glasi hiyo isirudi jikoni. Cha pili ni ndimu: kata, acha tone la maji yake dakika 15 kwenye enameli, futa. Pakibaki na doa lisilo na mng'aro, chora hapo kwa penseli. Mchoro usipofutika kwa kitambaa chenye maji, kioo hicho hakistahimili tindikali, na hakifai kupikia nyanya wala kuhifadhia maziwa ya mgando. Rangi nyekundu, chungwa na njano mara nyingi hutegemea kadmiamu. Hizo zikae nje ya chombo tu, kamwe zisipakwe ndani.

Ombi langu kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ni dogo. Kifaa kimoja cha kupima unene wa enameli na themokapo moja iliyohakikiwa, vikiwekwa mahali ambapo karakana za Mbeya, Iringa na Njombe zinaweza kuviazima kwa ada, vingetosha kuanzia. Karakana ndogo moja moja haiwezi kuvinunua, lakini kumi kwa pamoja zinaweza kuvitunza.

Na lipo jambo linaloniuma. Wapo wanaoziba magamba kwa rangi ya mafuta ya mlango, wakapiga msasa, wakapeleka sokoni kama enameli nzima. Rangi hiyo haikutengenezwa kugusa chakula cha moto. Inalainika kwenye mchuzi, inabanduka, na mtoto anaila. Chini yake kingo za gamba zinaendelea kumeguka, na vipande vyake ni vioo. Chombo cha chakula chenye magamba hakina kiraka. Kama bamba lake limefaulu kile kipimo cha oveni, kipigwe mchanga kwa kompresa hadi chuma cheupe kionekane, kirudi kwenye sabuni na kuanza upya. Kama bamba limeshindwa, kiende kwenye chuma chakavu, na kabla hakijaondoka karakanani kitobolewe kitako kwa patasi ili asiwepo wa kukiokota na kukiuza sokoni Mwanjelwa.

Fundi wa enameli,
Iyunga, Mbeya